Kushinda kwa Bibi: Ushauri kwa Wajukuu wa Unguja

Kiswahili cha Unguja kina maneno kadhaa ya kumwelezea mtu anayekwenda nyumbani kwa mwenziwe, na kila neno lina kipimo chake cha wakati na cha nia. Kupita ni kufika mlangoni au barazani, kutoa salamu na kuendelea na safari. Kumjuulia mtu hali ni kwenda kwa sababu maalumu, aghalabu baada ya kusikika habari za maradhi. Kutembea ni kuzuru kwa saa moja au mbili, kwa kikombe cha chai na mazungumzo. Ama kushinda ni kuingia asubuhi, kula chakula cha mchana, kujinyoosha mkekani, kuswali alasiri na kuondoka jua linapokaribia kutua. Kwamba kitenzi hichohicho hutumika pia kwa anayepata ushindi ni jambo la lugha ambalo halihitaji kutiwa falsafa. Linalohitaji kutazamwa ni kwamba wajukuu wengi wa mjini siku hizi hupita kwa bibi zao mara nyingi na kushinda mara chache, na kwamba upungufu huo ndio unaozaa upweke ambao zawadi haziwezi kuuondoa, kwa sababu bibi anayepitiwa huwa mpokeaji tu, ilhali bibi mwenye wajukuu nyumbani kutwa nzima hupika, hutuma, hukaripia, husimulia, na mwishowe humfungia mgeni wake cha kwenda nacho. Furaha ya bibi, kwa ufupi, ni furaha ya mwenyeji, na mjukuu mwenye busara ni yule anayempa nafasi ya kuwa mwenyeji hata pale nguvu na mali zimempungukia.

Neno bibi lenyewe lina upana wake. Ni jina la heshima kwa mwanamke yeyote, na ufupisho wake, Bi, hutangulia majina ya wanawake wa kila umri. Katika ukoo, hata hivyo, ni mama wa mama au mama wa baba, pamoja na dada zake, binamu zake na wake wengine wa babu, hivi kwamba mtoto wa Unguja anaweza kuwa na bibi sita au saba bila ya kuona ajabu. Upande wa chini mjukuu hufuatwa na kitukuu, yaani mtoto wa mjukuu, kisha kilembwe, na wachache waliojaaliwa umri mrefu humwona hata kilembwekeza. Mjukuu anayetaka kupanga ziara zake hana budi kuanza kwa kuihesabu orodha hiyo yote, kwani kosa la kawaida ni kumwendea mzaa mama peke yake. Kosa hilo lina sababu inayofahamika: mwanamke anapokaribia kujifungua hurudi kwao, na baada ya kuzaa hukaa huko arobaini, yaani siku 40 za kukandwa mwili, kunyweshwa uji wa pilipilimanga na kupumzishwa, na kwa hiyo mikono ya mwanzo kumwosha na kumbembeleza mtoto huwa ni ya mzaa mama. Mzaa baba hupata sehemu ndogo ya siku hizo, na mara nyingi hubaki na sehemu hiyohiyo ndogo maisha yake yote, asipotokea mjukuu wa kusawazisha mizani.

Jambo la pili la kufahamika kabla ya kupanga safari ni utani. Baina ya mzazi na mtoto wa Kiswahili kuna haya, yaani soni inayozuia baadhi ya maneno kutamkwa baina yao. Baina ya bibi na mjukuu haya hiyo hulegea, na mahali pake huingia utani, ambao ni ruhusa ya kimila ya kufanyiana mzaha na kuambiana ukweli bila ya kuudhiana. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, humlalamikia kwamba haleti matumizi, na humwita mjukuu wa kike mke mwenzangu, akimshutumu kwa kumnyang'anya babu. Mjukuu naye hujibu kwa mzaha wa kiasi hichohicho. Mtu wa nje huweza kuyaona maneno hayo kuwa ni upuuzi, lakini ndiyo mlango ambao kwao mambo mazito hupita, na si mara moja tu kwamba binti asiyeweza kumwambia mama yake kuhusu mchumba, au kijana aliyeshindwa mtihani, humwendea bibi kwanza, kwa kuwa kwa bibi maneno huanza kwa kicheko. Mjukuu anayemjia bibi yake kwa unyenyekevu mkavu, akijibu kila swali kwa ndiyo na hapana kama aliye mbele ya afisa, anadhani anamheshimu, na kumbe anamnyima haki yake. Shikamoo isikosekane, na mkono wa bibi ubusiwe kama ilivyo ada, lakini baada ya marahaba utani uruhusiwe kuendelea.

Kinachokwamisha ziara hizi si ugumu wa mioyo, bali ni namna watu walivyotawanyika kisiwani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na kati yao 893,169 walikuwa katika Mkoa wa Mjini Magharibi pekee, maana yake ni kwamba karibu nusu ya Wazanzibari wamejikusanya mjini na pembezoni mwake, huku bibi wengi wakibaki shamba, neno ambalo kwa Unguja halina maana ya konde tu bali ni sehemu yote iliyo nje ya mji. Makunduchi kusini na Nungwi kaskazini ni mwendo wa kilomita sitini hivi kutoka Darajani, mjini, masafa ambayo gari ya shamba huyamaliza kwa saa mbili au karibu yake, ikisimama kila kijiji kupakia ndizi, magunia na abiria. Umbali wa namna nyingine umo mjini humohumo. Bibi wa Mji Mkongwe, ule mji wa mawe ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, aghalabu huishi ghorofani katika nyumba yenye ngazi za mwinuko mkali na zisizo na mwanga, na bibi wa Michenzani, katika majengo marefu ambayo wenyeji huyaita treni na ambayo yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki katika zama za mwanzo za Mapinduzi, naye hupanda na kushuka ngazi hizohizo za saruji. Magoti yakishachoka, ghorofa ya tatu huwa mbali na baraza ya chini kuliko Darajani ilivyo mbali na Makunduchi. Kwa bibi wa namna hiyo mjukuu ndiye anayeileta baraza juu, pamoja na habari za nani kaoa, nani kasafiri na nyumba ya nani imeanguka ukuta.

Kwa hiyo wakati wa kwenda unahitaji kuchaguliwa kwa kuitazama siku ya bibi, si nafasi ya mjukuu peke yake. Siku ya mtoto wa Zanzibar imegawika baina ya skuli na chuo, yaani madrasa ya Kurani, na siku ya mzazi imegawika baina ya kazi na foleni za daladala, hivi kwamba ziara huangukia jioni, katika ile nusu saa kabla ya magharibi ambayo ni mbaya kupita zote: bibi anataka kutia udhu, jikoni kunataka moto, na mgeni anataka kuondoka kabla ya giza. Ni afadhali kuja mara moja kwa mwezi siku ya Jumamosi tangu saa tatu asubuhi, kuliko kuja kila wiki saa kumi na mbili kasorobo. Taarifa itangulie siku mbili kabla, na si kwa adabu tu, bali kwa kuwa siku mbili hizo nazo ni sehemu ya starehe yenyewe: bibi huagiza samaki, hukuna nazi, humwambia jirani, hutoa mkeka mpya, na furaha ya kungojea humwingia kabla mgeni hajapanda gari. Mjukuu anayependa kumstukiza bibi yake humpunguzia siku mbili za furaha, na juu ya hayo humkuta hana mboga.

Pwani ya mashariki siku ya bibi huendeshwa na bahari. Tangu kilimo cha mwani kianze huko mwishoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji kama Paje na Jambiani, wanawake wengi, wakiwamo wazee, huingia majini wakati wa bamvua, yaani zile siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana, na mashamba ya mwani hubaki wazi kwa saa kadhaa. Mjukuu anayefika asubuhi ya bamvua atakuta nyumba imefungwa na bibi yumo majini mpaka magotini, akifunga mbegu za mwani kambani. Ana njia mbili: kuja siku za maji mafu, ambazo bahari haipwi sana na kazi ya mwani hupungua, au kuja bamvua kwa makusudi, akiwa na kanga kuukuu au suruali ya kukunja, tayari kuingia majini naye. Njia ya pili ndiyo inayokumbukwa zaidi. Mjukuu aliyesomea mjini, akishika kamba vibaya na kurekebishwa mbele ya wanawake wa kijiji, humpa bibi yake fahari ya aina ambayo kanga ya dukani haina.

Kalenda ina siku zake pia. Waswahili huihesabu miezi ya Kiislamu tangu saumu ifunguliwe, wakaita mwezi wa Shawwal Mfunguo Mosi, na kwa hesabu hiyo Idi ya kumaliza Ramadhani huwa siku ya kwanza ya Mfunguo Mosi, na Idi Kubwa huwa mwezi kumi Mfunguo Tatu. Katika sikukuu hizo watoto waliovishwa nguo mpya huzunguka nyumba za jamaa kutaka mkono wa Idi, yaani fedha ndogo au vitu vitamu wanavyopewa na wakubwa, kabla ya kupelekwa jioni kwenye viwanja vya michezo vya Mnazi Mmoja na Kariakoo. Hapa pana jambo la kivitendo ambalo wachache hulifikiria: bibi asiyetoka nje hana chenji. Noti moja ya elfu kumi haigawiki kwa vitukuu kumi na wawili, na kumwona bibi akitafuta sarafu chini ya godoro huku watoto wamesimama mstari ni aibu kwake inayoweza kuepukwa. Mjukuu mwangalifu humpelekea siku mbili kabla ya sikukuu noti mpya za elfu moja na sarafu za mia tano, akibadilishana naye kwa siri ile noti yake kubwa, ili asubuhi ya Idi mkono unaotoa uwe ni wa bibi mwenyewe.

Makunduchi wana fursa nyingine iliyo yao. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jua yenye asili ya Nairuzi ya Kiajemi, hufanyika huko kila Julai, na pamoja na mapigano ya mzaha ya migomba, uchomaji wa kibanda cha makuti na nyimbo za wanawake, inafuata kanuni kwamba kila nyumba inatakiwa kuwa na mgeni, kwani nyumba isiyo na mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa na upungufu. Wazaliwa wa kusini wanaoishi mjini huifahamu kanuni hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, lakini wengi wao huenda moja kwa moja uwanjani kutazama, kisha wakarudi. Utaratibu unaofaa ni kufika kwanza nyumbani kwa bibi, kula kwake, na kwenda uwanjani kutoka kwake, kwa sababu mgeni anayehesabiwa ni yule aliyekula ndani. Ramadhani nayo haihitaji siku nzima: sahani ya futari iliyofunikwa kawa, ikipelekwa na mtoto robo saa kabla ya adhana, hufanya kazi ya ziara kamili, na kwa kuwa sahani ya Mswahili hairudi tupu, bibi atapata sababu ya kuirudisha na kitu.

Suala la cha kubeba lina kosa kubwa moja, nalo ni sukari. Desturi inakataza kwenda mikono mitupu, na desturi hiyo ni njema, lakini bibi wengi wana maradhi ya sukari au presha, yaani shinikizo la damu, na mjukuu anayefika na boksi la halua, chupa za soda na juisi za dukani humweka bibi katika hali ya kuchagua baina ya afya yake na heshima ya mgeni, na bibi kwa kawaida huchagua heshima. Matunda kwa kiasi, samaki mbichi waliokwisha kuparwa, unga wa mtama au wa ngano isiyokobolewa na maziwa yasiyotiwa sukari ni afadhali. Kwa asiye na meno, bokoboko, ule mseto wa ngano na nyama uliopigwa mpaka ukalainika, ni chakula cha karamu kisichomwaibisha mtu wa ufizi mtupu, na mkate wa kumimina uliopunguzwa sukari hauhitaji meno.

Pagumu zaidi ni kwenye tambuu, yaani jani linalotafunwa pamoja na popoo na chokaa, na wakati mwingine tumbaku, ambalo bibi wengi wa makamo ya juu hulihifadhi katika kijaluba chao cha chuma. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Saratani, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, ilichapisha mwaka 2004 hukumu yake kwamba popoo yenyewe, hata bila ya tumbaku, ni chanzo cha saratani kwa binadamu. Ushauri wa busara ni kwamba mjukuu asiwe mletaji wa tambuu, na wakati huohuo asigeuke hakimu wa kijaluba cha mtu aliyeanza uraibu huo kabla mzazi wake hajazaliwa. Akiona kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki mbili au tatu, hapo asinyamaze, ampeleke hospitali.

Zawadi zisizoliwa zina maana kubwa kuliko bei yake. Doti ya kanga, yaani kanga mbili zilizo pamoja kabla ya kukatwa, ni zawadi inayosomwa kabla ya kuvaliwa, na mjukuu anayenunua kwa kutazama rangi tu bila ya kulisoma jina lililoandikwa anaweza kumpelekea bibi yake tusi bila ya kujua. Bibi atacheka, lakini majirani watauliza ni nani aliyekusudiwa. Kikuba, kifungu kidogo cha asumini, rehani na maua mengine ya kunukia kinachobandikwa nguoni, hakigharimu kitu na hudumu usiku mmoja, na labda kwa sababu hiyohiyo hupokewa kwa furaha ambayo manukato ya chupa hayaipati. Tahadhari moja: bibi aliyefiwa na mume huwa katika eda, muda wa miezi minne na siku kumi ambao mjane hukaa nyumbani bila ya kujipamba wala kujitia manukato, na katika muda huo kikuba, udi na kanga za mapambo viwekwe kando. Wajukuu wa kiume wasidhani kwamba eda inawafungia mlango, kwani mjukuu ni maharimu, yaani jamaa asiyeweza kumwoa, na miezi hiyo minne ambayo bibi hatembei ndiyo miezi ambayo kutembelewa kwake kunahitajika kupita wakati wowote.

Fedha inastahili neno lake. Mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii, malipo ya kila mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza umri wa miaka 70 bila ya kujali kama aliwahi kuajiriwa, kwa kiwango cha Sh. 20,000 ambacho baadaye kilipandishwa kufikia Sh. 50,000. Kwa bibi aliyesuka ukili na kulima muhogo maisha yake yote, fedha hizo zilikuwa mshahara wake wa kwanza. Si nyingi, na hakuna anayedai kwamba zinatosha dawa na chakula, lakini zimempa kitu ambacho msaada wa watoto haukuweza kumpa, nacho ni uwezo wa kutoa bila ya kuomba kwanza. Ndiyo maana mjukuu anayekataa noti anayopewa wakati wa kuaga, kwa hoja kwamba yeye ana kazi na bibi hana, anakosea. Noti ipokewe, dua ipokewe, na kama mjukuu anaona uzito, ainunulie kitu cha nyumba ya bibi safari ijayo. Kisichofaa kabisa ni mjukuu kujifanya msindikizaji wa siku ya malipo ili apate fungu lake.

Ndani ya nyumba mambo si magumu. Hodi ipigwe mara tatu na karibu ingojewe, hata kama mlango u wazi. Viatu viachwe nje. Mjukuu akae mahali pa chini, mkekani ikiwezekana, kwa kuwa bibi huzungumza vizuri zaidi na mtu anayefanya naye kazi kuliko na mtu anayemtazama usoni. Kuchambua mchele, kumenya vitunguu thomu, kusuka ukili, yaani ule ukanda wa minyaa unaoshonwa kuwa mkeka, ni kazi zinazoshughulisha mikono na kuacha ulimi huru, na maswali makubwa yaulizwe wakati huo. Maswali yenyewe yawe mahususi. Swali la zamani kulikuwaje halijibiki, lakini swali la nani alimshonea bibi nguo ya arusi, au maji yalitekwa kisima gani, au sikukuu ilikuwa ikichezwa siku ngapi, hufungua kutwa nzima. Picha za zamani husaidia sana: familia nyingi za mjini zina picha zilizopigwa katika studio ya Capital Art ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha hizo zikitolewa sandukuni bibi huwataja waliomo mmoja mmoja. Majina hayo yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli siku hiyohiyo, kwani baada ya bibi hakuna atakayeyajua.

Hadithi nazo zina mahali pake. Askofu Edward Steere alipozikusanya ngano za Kiswahili na kuzichapisha London mwaka 1870, alizipata kwa wasimulizi wa Unguja, na mlango wa ngano hizo, paukwa ya msimuliaji na pakawa ya wasikilizaji, bado unajulikana. Kinachopungua ni wasikilizaji wa kujibu pakawa. Bibi wa kusini ana hazina ya ziada, nayo ni Kimakunduchi, kiitwacho pia Kikae, lahaja inayotofautiana sana na Kiunguja cha mjini, ambacho ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu katika miaka ya 1930. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limeichapishia lahaja hiyo kamusi, jambo la kushukuriwa, lakini kamusi haina sauti ya bibi anayemgombeza kuku. Simu ya mjukuu inaweza kuihifadhi sauti hiyo, kwa masharti mawili: ruhusa iombwe kabla, na kilichorekodiwa kisitiwe mitandaoni bila ya idhini, kwa kuwa mwanamke aliyejisitiri miaka 80 hafai kuonwa na dunia nzima akiwa hana mtandio kwa sababu tu mjukuu wake alicheka.

Walio ng'ambo ya bahari wana mzigo wao. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi za Unguja ziligawanyika baina ya kisiwa, Oman, nchi nyingine za Ghuba na Uingereza, na hivi leo bibi wa Malindi ya Mji Mkongwe anaweza kuwa na wajukuu Muscat na London ambao hajawahi kuwashika mkono. Simu ya video haiwi ziara, lakini inaweza kukaribia ikipangwa kama ziara: siku maalumu, saa maalumu, na kitu cha kufanya pamoja, kama vile mjukuu kupika tambi za kukaanga huku bibi akimwelekeza na kumkosoa. Muscat iko mbele ya Unguja kwa saa moja, London iko nyuma kwa saa mbili au tatu kutegemea majira, na wakati unaofaa ni baada ya alasiri, baina ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu kwa saa za Unguja. Mtoto aliyezaliwa huko akikosea Kiswahili, wakubwa wasimcheke na wasimtafsirie kila neno. Bibi ataelewa, na akishindwa, kucheka kwa pamoja ndiko kuzungumza.

Yapo mambo mawili yanayoiharibu ziara hata ikiwa imepangwa vizuri. La kwanza ni kuwabwaga watoto, yaani kumwachia bibi watoto wanne likizo nzima na kuita jambo hilo kumtembelea. Mtoto kulelewa na bibi ni ada ya zamani na yenye kheri nyingi, lakini ni kazi, na kazi huombwa, hugharimiwa na hupewa mwisho. La pili ni nyumba. Mazungumzo ya mirathi, ya nani atabaki na chumba cha juu, au ya iwapo nyumba ni wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya sadaka au kizazi, hayafai kuanzishwa na mjukuu mbele ya sinia la chakula. Ni kweli kwamba sheria ya Kiislamu inaweza kumwacha bila ya fungu mjukuu ambaye baba yake alimtangulia bibi kufariki, kwa kuwa ami zake humzuia, na ni kweli kwamba bibi anaweza kulirekebisha hilo kwa wasia usiozidi theluthi au kwa hiba ya uhai wake. Mambo hayo yana wakati wake, mbele ya watu wazima na mjuzi wa sheria, na bibi akitaka kuyasema atayaanza mwenyewe.

Inabaki habari ya bibi wasio na wajukuu. Fatuma binti Baraka, mwimbaji aliyejulikana duniani kwa jina la Bi Kidude, alifariki tarehe 17 Aprili 2013 bila ya kuacha mtoto wa kumzaa, na hata hivyo mabinti wengi wa Unguja aliowafunda katika unyago, yaani mafunzo ya msichana aliyebaleghe, walimhesabu kuwa bibi yao. Si kila mwanamke hujaaliwa hivyo. Serikali ya Zanzibar ina makaazi ya wazee Unguja, Sebleni na Welezo, wanamoishi wazee wasio na jamaa wa kuwatunza, na mafungu ya wageni huwafikia hasa Ramadhani, sikukuu za Idi na tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, wakiwa na mchele, sabuni na wapiga picha. Baada ya hapo miezi hupita. Msomaji ambaye bibi zake wote wameshatangulia, na ambaye ana Jumamosi moja isiyo na shughuli, na aombe ruhusa kwa wasimamizi, aende asubuhi bila ya kamera, akae mkekani na ashinde.